Ushauri wa biashara kwa bendi changa Dar: nilicholipia, nilichopata bure na nisichokipendekeza

Kwa bendi ya watu sita inayoanza Dar es Salaam, ushauri wa biashara wa mwaka wa kwanza ulinigharimu shilingi 280,000. Mhasibu, vikao viwili, 50,000 kila kimoja. Mwanasheria wa kusoma mkataba mmoja, 150,000. Zilizobaki, 30,000, ni nauli na chakula cha mchana cha mpiga besi mkongwe aliyekubali kukaa nasi nusu siku. Mengine yote yalikuwa bure. Shoo moja ya hotelini tunaitoza 700,000, kwa hiyo ushauri wote haukufika nusu ya shoo moja.

Naandika kwa sababu bendi nyingi changa zinaamini ushauri hununuliwa kwa jumla, kutoka kwa meneja au kampuni inayoahidi kila kitu. Zikisikia bei, zinaghairi na kuendelea kupiga muziki bila hesabu. Ushauri nunueni rejareja: swali moja, mtu mmoja anayelijua swali hilo, malipo ya saa moja.

Kwanza malizeni madawati ya bure. BRELA (usajili wa biashara), COSOTA (hakimiliki), BASATA (Baraza la Sanaa) na TRA (mamlaka ya mapato) wana maofisa ambao kazi yao ni kueleza, na hakuna sababu ya kumlipa dalali akujazie fomu. Ila ujue mipaka yao: watakueleza vizuri namna ya kusajili, lakini hawatakuamulia usajili nini na kwa jina la nani. Uamuzi huo fanyeni wenyewe kabla ya kwenda.

Jina la biashara BRELA linasajiliwa mtandaoni kwa shilingi 20,000, na unahitaji namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa. Kosa linalovunja bendi linaanzia hapahapa. Kiongozi anajaza fomu usiku, peke yake, kwa NIDA yake, na bendi inakuwa mali yake kisheria. Jina la biashara halina uhai wake lenyewe. Ni la yule aliyeandikwa. Wimbo ukishika, mpiga kinanda akiondoka au kiongozi akiondoka, hakuna makubaliano ya bendi yanayosema nani abaki na jina. Sajilini kama ubia na muandike majina ya wote, kisha muandikiane ukurasa mmoja wa makubaliano: anayeondoka anaondoka na nini, na jina linabaki kwa nani. Kampuni ni hatua ya baadaye. Ada yake hupanda kulingana na mtaji, na ina taarifa za kila mwaka ambazo bendi ya miezi sita haitazikumbuka.

Jina la biashara pia si alama ya biashara. Bendi ya Mwanza inaweza kutumia jina linalofanana na lenu, na ulinzi wa kweli ni alama ya biashara, ambayo nayo husajiliwa BRELA, daraja la 41 linalohusu burudani. Usajili wa kwanza Tanzania Bara hudumu miaka 7, kisha huhuishwa kwa miaka 10 kila mara. Mimi ningesubiri mpaka jina lianze kuuza tiketi lenyewe.

COSOTA ndiko nilikopata thamani kubwa kuliko nilivyotarajia. Hakimiliki huzaliwa pale wimbo unapotungwa. Usajili ni ushahidi. Kwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki namba 7 ya 1999, hakimiliki ya mtunzi hudumu maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa kwake. Ofisa akikuuliza nani katunga, usijibu "bendi". Nendeni na karatasi ya mgao kwa kila wimbo: mashairi asilimia ngapi na ya nani, melodi ya nani, mpangilio wa ala umefanywa na nani, prodyuza anachukua ngapi, jumla 100, sahihi za wote na tarehe. Mpiga solo ambaye hakutunga neno hata moja bado ana hakishiriki, yaani haki ya aliyetumbuiza, kwenye rekodi ile. Watu wengi hawalijui hilo, ndiyo maana mirabaha ikianza kuja ugomvi unazuka. Karatasi hiyo ijazwe siku ya kurekodi, kabla hamjatoka studio. Baada ya wimbo kuvuma, kila mmoja anakumbuka alitunga nusu.

SIDO wana ofisi katika mikoa ya Bara na mafunzo yao ya kukokotoa gharama na kutunza kumbukumbu ni mazuri. Shirika liliundwa 1973 kwa ajili ya viwanda vidogo, kwa hiyo mifano ni ya sabuni na usindikaji wa vyakula. Tafsiri mwenyewe: malighafi yako ni mazoezi.

Mhasibu sasa. Nilimtafuta wa kujitegemea, aliyewahi kufanya hesabu za hoteli, kwa sababu anajua upande wa pili wa meza. Msiende mikono mitupu. Saa ya kwanza ya bendi nyingi inaishia kukumbuka nani alilipia gari la Noah. Pelekeni daftari lenye angalau shoo tano, kila shoo mstari mmoja: tarehe, mahali, bei iliyokubaliwa, kilichoingia mkononi, usafiri, fundi mitambo, chakula, saa za mazoezi na deni. Hivi ndivyo shoo moja ilivyoonekana baada ya yeye kuipanga.

Bei iliyokubaliwa 700,000. Hoteli ilikata kodi ya zuio ya huduma, asilimia 5, yaani 35,000, mkononi 665,000. Usafiri wa vyombo 70,000. Fundi mitambo 50,000. Nyuzi, waya na matengenezo 40,000. Chakula cha watu sita 30,000. Inabaki 475,000, na hapo ndipo bendi nyingi hugawana. Mhasibu akauliza mazoezi yako wapi. Mazoezi mawili ya saa tatu, chumba 15,000 kwa saa, ni 90,000, fedha ambayo miezi yote ilikuwa inatoka mfukoni mwa mtu mmoja na kuitwa mchango. Ikabaki 385,000. Kisha akaigawa kwa saba, si kwa sita: kila mwanamuziki 55,000, na bendi yenyewe, kama mwanachama wa saba, 55,000. Huo mgao wa saba ndio ushauri bora niliowahi kulipia. Ndio unaonunua spika ikiungua, ndio unaolipia studio, na hakuna anayeombwa mchango tena. Kama vyombo ni vya mwanachama mmoja, ongezeni mgao wa vyombo, muuandike, na ukome siku bendi itakaponunua vya kwake.

Jambo la pili alilotufundisha ni cheti cha kodi ya zuio. Ile 35,000 haijapotea. Ni kodi iliyolipwa kwa niaba yenu, na cheti ndicho kinachoithibitisha TRA. Hoteli ikikata bila kutoa cheti, fedha hiyo mmeitoa sadaka. Ombeni cheti pamoja na malipo, kwa maandishi, kwa jina na TIN (namba ya mlipakodi) ileile iliyo kwenye ankara. TIN ni bure. Na kabla ya kutaja bei, ulizeni idara yao ya fedha kama watataka risiti ya EFD (mashine ya kodi) na kama wanalipa kwa LPO (hati ya kuagiza huduma). Jibu likija baada ya shoo, malipo hukaa wiki kadhaa mezani kwa mtu, na wapigaji wanaanza kumshuku kiongozi wao.

Mkongwe hakutoza kitu zaidi ya ile nauli na chakula, na kwa upande wa bei hakuna mtaalamu aliyemfikia. Muziki wa dansi wa hapa ulikulia ndani ya mashirika. NUTA Jazz, ambayo leo ni Msondo Ngoma, ilianza 1964 chini ya chama cha wafanyakazi. Mlimani Park ilianza 1978 chini ya shirika la usafiri na teksi, ikachukuliwa na DDC, shirika la maendeleo la Dar es Salaam, 1983. Mwanamuziki alikuwa mwajiriwa: vyombo vya shirika, mshahara wa shirika, hesabu za shirika. Waliobaki na kuendesha bendi zao baada ya mfumo ule kulegea walijifunza biashara kwa machungu, na wana elimu ambayo haijaandikwa popote. Mkongwe wenu muulizeni mambo mahususi. Hoteli hulipa lini? Wakiongeza saa mnatoza vipi? Umeme ukikatika seti ya pili, malipo yakoje?

Kutokana na majibu yake tulitengeneza karatasi moja ya masharti: seti tatu za dakika 45, kianzio cha nusu ya malipo siku saba kabla, saa ya ziada kwa bei iliyotajwa, kupima sauti saa mbili kabla ya wageni, jenereta ni la mwenye ukumbi, shoo ikifutwa ndani ya saa 48 kianzio hakirudi. Tangu tuitumie, ubishi wa usiku wa manane umekwisha. Wateja wawili walikataa kianzio. Wote wawili ni aina ya wateja ambao ungewafuata miezi mitatu kudai chako.

Kwa mwanasheria, msimwombe "atuandikie mkataba", ndipo bei hupaa. Mpelekeeni mkataba mliopewa, mmeshaupigia mistari, na maswali matano yaliyoandikwa. Angalia kifungu kama hiki, ambacho hupita kwa urahisi kwa sababu ni kifupi: "Msanii anakabidhi haki zote za kazi zake, zilizopo na zitakazofuata, kwa muda wote wa hakimiliki." Muda wote wa hakimiliki ni uhai wako na miaka 50 juu yake. "Zitakazofuata" ni nyimbo ambazo hujazitunga bado. Mwanasheria wetu alikibadilisha kuwa leseni ya miaka mitano kwa nyimbo nne zilizotajwa kwa majina kwenye kiambatisho, taarifa ya mapato kila miezi sita, na haki ya bendi kukagua vitabu.

Swali lake lingine lilihusu mgao wa bendi kwenye mapato ya wimbo: asilimia 30 yenu inakokotolewa kabla au baada ya kutoa gharama? Wimbo ukiingiza milioni 10 na promota ametumia milioni 8 kwenye video na matangazo, asilimia 30 ya mapato ghafi ni milioni 3. Asilimia 30 ya kinachobaki ni 600,000. Neno moja, tofauti ya milioni mbili na laki nne. Kama lazima iwe baada ya gharama, wekeni kikomo cha gharama na sharti la kuidhinisha kila matumizi kwa maandishi.

Nisichokipendekeza ni vifurushi vya "kukuza msanii". Kimoja tulichokipima kilitaka milioni 1.5 kwa miezi mitatu, pamoja na asilimia 30 ya kila shoo, hata tuliyoitafuta wenyewe. Walichoorodhesha kilikuwa nembo, machapisho ya mtandaoni na "mpango mkakati" wa kurasa tatu. Anayetaka kamisheni achukue kwenye kazi alizoleta yeye. Anayetaka ada ataje kazi na siku ya kuikabidhi. Akitaka vyote viwili na mkataba wa miaka mitatu, ondokeni kwa heshima.

Upande wa mtandao hauhitaji mshauri wa kulipwa. WIPO, shirika la kimataifa la miliki ubunifu, wana jukwaa la bure liitwalo CLIP, linaloeleza haki za muziki hatua kwa hatua. Someni wote, si kiongozi peke yake. Wasambazaji wanaopeleka nyimbo kwenye majukwaa ya mtandaoni wanatofautiana: CD Baby hutoza mara moja kwa kila toleo na kuchukua asilimia 9 ya mapato, DistroKid hutoza kila mwaka, na usipolipa nyimbo zinaweza kuondolewa. Kwa bendi yenye nyimbo nne na mfuko usiotabirika ningechagua malipo ya mara moja. Mkihama msambazaji, tumieni ISRC (namba za utambulisho wa rekodi) zilezile za zamani, la sivyo hesabu ya wasikilizaji huanza sifuri. Spotify, tangu 2024, hailipi wimbo usiofika kusikilizwa mara 1,000 katika miezi 12, basi msiupangie bajeti.

YouTube wanakata kodi ya Marekani kwenye mapato ya watazamaji wa Marekani, asilimia 30 kwa mtu wa Tanzania kwa kuwa hakuna mkataba wa kodi kati ya nchi hizi mbili. Lakini usipojaza fomu yao ya kodi wanaweza kukata asilimia 24 ya mapato yako yote ya dunia nzima. Kwa chaneli ambayo karibu watazamaji wote wako Afrika Mashariki, kujaza fomu ni kazi ya dakika kumi inayookoa karibu robo ya fedha. Akaunti ifunguliwe kwa barua pepe ya bendi, na namba ya kurejesha nywila iwe ya laini ya bendi, inayokaa kwa mweka hazina.

Walioko Zanzibar, usajili wa biashara ni BPRA na hakimiliki ni COSOZA. Karatasi za BRELA na COSOTA ni za Bara, hivyo bendi inayofanya kazi pande zote mbili iulize madawati ya pande zote mbili kabla ya kulipa ada yoyote.