Ruzuku ya TEACH nchini Marekani: nani aichukue, na nani aiache

Kijana anayesomea ualimu katika chuo cha Marekani ataelezwa mapema kwamba iko fedha ya serikali kuu iliyotengwa kwa ajili ya watu kama yeye. Ruzuku hiyo, iitwayo TEACH, iliwekwa na sheria ya mwaka 2007, na kiwango chake cha juu ni dola 4,000 kwa mwaka kwa anayesoma muda wote, hadi jumla ya dola 16,000 katika shahada ya kwanza na dola 8,000 katika shahada ya uzamili. Makato ya bajeti ya serikali yamekuwa yakikishusha kiwango hicho cha mwaka, hata katika miaka ya karibuni waliostahili dola 4,000 wakapata 3,772. Ninaitathmini hapa kama mtu ambaye amekaa na wazazi na vijana wa jumuiya yetu ya Waswahili huku ughaibuni wakati wa kujaza fomu, na ambaye ameona jinsi neno «ruzuku» linavyowafanya watie sahihi kabla hawajasoma ukurasa wa pili.

Sifa zake nzuri ni za kweli, na nianze nazo. Mwombaji hujaza FAFSA, yaani fomu ya kuomba msaada wa masomo, kama ilivyo kwa misaada mingine ya serikali kuu, lakini hapimwi kwa umaskini wa familia yake. Binti wa dereva wa lori ambaye kipato cha baba yake kimemnyima ruzuku ya Pell, ile ya wanafunzi wa kipato cha chini, bado anaweza kuipata hii, mradi awe na wastani wa alama usiopungua 3.25 kati ya 4 au awe amefanya vizuri sana katika mtihani wa kuingilia chuo, na chuo chake kiwe miongoni mwa vinavyoshiriki katika mpango huu. Si lazima awe raia, kwa kuwa wakaaji wa kudumu na wakimbizi waliopokelewa rasmi wanastahili pia, na hilo ni jambo kubwa kwa familia nyingi zilizotoka Kongo zikapitia kambi za Tanzania, Uganda au Burundi kabla ya kufika huku.

Masharti yake ndiyo yanayohitaji macho makali. Kila mwaka, kabla ya kupewa fungu lake, mwanafunzi hutia sahihi mkataba wa kufundisha au kulipa. Kwa mkataba huo anakubali kwamba, ndani ya miaka minane tangu amalize masomo, atafundisha kwa muda wote miaka minne katika shule inayohudumia watoto wa familia zenye kipato cha chini, na kwamba sehemu kubwa ya vipindi vyake itakuwa katika somo lenye uhaba wa walimu. Hisabati, sayansi, elimu maalumu, usomaji, lugha za kigeni, na ufundishaji wa Kiingereza kwa wanaojifunza lugha hiyo yote yamo. Kwa kijana anayezungumza Kiswahili na Kiingereza kwa ufasaha, hilo la mwisho ni mlango ulio wazi, kwa sababu shule zenye watoto wa wakimbizi mara nyingi ndizo hizo hizo zilizomo katika orodha ya shule za kipato cha chini.

Asipotimiza, fedha yote aliyopokea hugeuka kuwa mkopo usio na ruzuku ya riba, na riba huhesabiwa tangu siku kila fungu lilipotolewa, kana kwamba ulikuwa mkopo siku zote. Hakuna hesabu ya nusunusu. Aliyefundisha miaka mitatu akaacha kwa sababu amechoka au amehamia jimbo lingine ambako hakupata shule ya aina hiyo, atadaiwa sawa na yule ambaye hakuingia darasani hata siku moja. Wala kuchukua kidogo hakupunguzi wajibu, kwani hata aliyepokea fungu la mwaka mmoja tu anadaiwa miaka ile ile minne ya kazi. Mimi naliona sharti hili kuwa kali kupita kiasi, na sijasikia hoja ya kunishawishi vinginevyo.

Kwa miaka mingi tatizo kubwa zaidi lilikuwa makaratasi. Walimu waliokuwa darasani, katika shule sahihi na somo sahihi, walijikuta na madeni kwa sababu fomu ya uthibitisho ya mwaka ilichelewa au ilikosa sahihi, na uamuzi ukishatolewa haukuweza kutenguliwa. Ripoti ya ofisi ya ukaguzi ya bunge la Marekani ya mwaka 2015 ilionyesha kuwa kati ya wapokeaji zaidi ya 112,000, takriban 36,000 walikuwa wamegeuziwa ruzuku kuwa mkopo, na kwamba zaidi ya 2,000 miongoni mwao waligeuziwa kimakosa. Baada ya waandishi wa habari kulifuatilia jambo hilo mwaka 2018, wizara ya elimu ilifungua njia ya kurudishiwa ruzuku. Kanuni zilizoanza kutumika Julai 2021 zililegeza kamba zaidi: kukosa fomu ya mwaka pekee hakumgeuzii mtu deni ikiwa bado ana muda wa kutosha kukamilisha miaka yake minne. Bado ningemshauri kila mwalimu ajaze fomu hiyo kwa wakati na atunze nakala, pamoja na ushahidi kwamba shule yake ilikuwa katika orodha mwaka alioanza kazi.

Huko nyumbani Tanzania, Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu humwambia mwanafunzi wa ualimu tangu mwanzo kwamba anakopa, na akiajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara. Inauma, lakini anajua anachodaiwa.

Kwa hiyo ningempa nani ruzuku hii? Mwanafunzi wa mwaka wa tatu au wa nne ambaye amekwisha kufanya mazoezi ya kufundisha, amechagua elimu maalumu au hisabati, na anataka kubaki mjini ambako shule za kipato cha chini ni nyingi, aichukue bila wasiwasi. Wa mwaka wa kwanza ambaye bado anayumba kati ya ualimu na uuguzi asiiguse. Amalize kwanza misaada isiyo na masharti, na akilazimika kukopa, mkopo wa serikali ambao riba yake hulipwa na serikali akiwa chuoni utamgharimu kidogo kuliko ruzuku iliyogeuka.