Kutoka Lubumbashi: mchanga wa Namib au chumvi ya Makgadikgadi?

Ukishavuka mpaka wa Kasumbalesa kuingia Zambia unahamia kushoto mwa barabara, na hadi Kazungula, kwenye mto Zambezi, njia ni moja. Hapo safari mbili zinaachana. Botswana ni karibu: daraja lililofunguliwa 2021, kisha Nata na Gweta. Namibia unapitia Katima Mulilo, na bado una nchi nzima ya kukatiza mpaka Sesriem, lango la jangwa la Namib.

Kwa gari moja peke yake, mimi ningekwenda Namibia, ingawa ni mbali. Barabara za changarawe zinapitika, mafuta yapo Solitaire na Sesriem; cha kuogopa ni mwendo. Ukizidi 80, kona inakutupa nje. Mchanga mzito unaukuta kilomita 5 za mwisho kabla ya Sossusvlei, bonde lililozungukwa na matuta ya mchanga: punguza upepo wa matairi, fuata alama za waliotangulia, usisimame katikati.

Makgadikgadi, nyanda za chumvi za Botswana, inadanganya macho. Juu gamba jeupe kavu, chini tope. Gurudumu likitoboa gamba hilo, gari linalalia tumbo. Huko nendeni magari mawili, na kamba ya kuvutana na maji ya akiba. Kuanzia Novemba hadi Machi, mvua zikinyesha, msithubutu. Ila mibuyu ya Kubu, kile kisiwa cha mawe katikati ya chumvi, jamani, Sossusvlei haina kitu kama hicho.