Gabioni za Mto Mbezi: katikati safi, pembeni mtihani

Wenzangu wa bondeni mnajua: kila masika mto unakula. Nilipojenga kule Mbezi nilipima mita 60 kutoka ukingoni, na ziada juu. Sikusogea hata hatua, mto ndio umenifuata. Ndiyo maana nikawaita hawa mafundi wa gabioni, yaani maboksi ya wavu wa waya yanayojazwa mawe kulinda ukingo (jina la mafundi silitaji, bado tunadaiana).

Nianze na sifa, maana wanastahili. Hawakupanga mawe juu ya tope kama nilivyoona kwa wengine. Walichimba msingi hadi chini ya usawa wa mchanga wa mto, wakatandika kwanza godoro la mawe, yaani boksi bapa linalotokeza kuelekea majini. Maji yakichimba mbele yake, godoro linainama na kufunika shimo, ukuta unabaki salama. Nyuma ya ukuta wakaweka kitambaa cha kuchuja, kinachopitisha maji na kuzuia udongo. Mawe yalitoka Lugoba, magumu hasa. Kijana mmoja alikaa pale lori linaposhushia, kila jiwe dogo kuliko tundu la wavu analitupa pembeni: "Hili litatoka na mvua ya kwanza, mama." Kila boksi la mita 2 kwa 1 walilivuta kwa waya wa ndani, mbele na nyuma, na mpaka leo hakuna lililotoa kitambi. Juu wakanipandia vetiva bure. Wengi wanayadharau majani haya, ila mizizi yake inashuka chini mita 3 na kuendelea.

Tuje kwenye mtihani sasa. Ukuta wa mtoni hauishii tu hewani. Kila ncha lazima ikunjwe iingie ndani ya ukingo, wenyewe wanaita bawa. Bawa la juu, mto unakotokea, walilijenga vizuri. La chini, mto unakoelekea, wakaliacha, eti pale ni mpakani kwa jirani. Basi maji yanateleza kwenye ukuta kwa kasi, yakifika mwisho yanageukia udongo laini na kuuchimba kwa nyuma. Boksi la mwisho limeinama, na jirani kapoteza kipande cha shamba lake la mchicha. Ana haki ya kuninunia.

Lakini lililonikera zaidi ni mdomo wa bosi wao. "Ukishaweka gabioni, mambo ya mita 60 yameisha." Yameishaje? Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, na sijaona popote inaposema ukiweka mawe umesamehewa. Waliobomolewa bonde la Msimbazi Desemba 2015 nao walikuwa na kuta, wengine na bili za umeme, na X nyekundu ikachorwa vilevile. Nilipoomba kibali cha kazi akanionyesha barua ya serikali ya mtaa peke yake. Mito ya Dar iko chini ya Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu, na huko ndiko pa kuanzia kabla hujashusha lori hata moja la mawe. Fundi anayekuuzia uhalali pamoja na mawe, mlipe mawe tu.

Halafu kuna wachimba mchanga, ambao bosi hakuwagusa kabisa. Wanachimba chini kidogo ya kwangu, malori yanapakia usiku. Mchanga ukiondoka kitako cha mto kinashuka, na kitako kikishuka kingo zinaporomoka huku na huku. Msingi uliokuwa chini ya mchanga mwaka huu, mwakani unaweza kuwa wazi. Fundi mzoefu angeliangalia hilo kabla ya kutaja bei, na angekwambia ukweli kwamba gabioni bila kuzuia uchimbaji ni kununua muda.

Kwa kazi ya mikono nawapa nyota nne. Kwa ushauri, moja, na hiyo ni ya yule kijana wa mawe. Ukiwaita, hakikisha mabawa yote mawili yameandikwa kwenye mkataba kabla ya advansi. Mimi bado nawadai la chini. Bosi anapokea simu, simnyimi sifa hiyo, na kila nikipiga anasema mvua ziishe kwanza.