EAP ya serikali ya Marekani: huduma nzuri, wasimamizi ndio wanaoipunguzia thamani

Mfanyakazi wa serikali kuu ya Marekani aliyelemewa na pombe, madeni, msiba au ugomvi wa nyumbani ana pa kukimbilia: mpango wa ushauri nasaha kazini, maarufu kama EAP. Idara nyingi huupata kupitia Federal Occupational Health, kitengo kilicho chini ya Wizara ya Afya. Simu hupokelewa saa 24, na vipindi na mshauri ni bure. Tunaisifu bila kusita. Tatizo ni jinsi wasimamizi wanavyowapeleka watu huko.

Wengi husubiri mpaka barua ya onyo iwe tayari mezani, ndipo wataje EAP. Hapo mfanyakazi huiona kama adhabu. Msimamizi anayeijua kazi yake huanza mapema, tena na daftari: "Jumatatu tarehe 4 ulifika saa 3:40 badala ya saa 2:00, ripoti ya Ijumaa haijafika." Akisema "naona siku hizi unakunywa," amejiharibia. Mtu atabishia pombe, na habari ya kuchelewa itapotea.

Kabla ya kuonana na mfanyakazi, msimamizi mwenyewe anaweza kupiga simu EAP akasaidiwa kupanga maneno. Kwa maoni yetu hiki ndicho kipengele bora cha huduma nzima, na wachache wanakitumia. Kikao kiwe cha faragha na kifupi. Mfanyakazi apewe namba ya simu na aelezwe kwamba kwenda ni hiari. Akikataa, haadhibiwi kwa kukataa, ila upungufu wa kazi unabaki na hatua zake.

Wasimamizi, msitegemee taarifa kutoka kwa mshauri. Bila fomu ya ridhaa yenye saini ya mfanyakazi, hata kama alihudhuria hamtaambiwa. Faragha hiyo hulegezwa katika mambo machache, kama hatari kwa maisha au mtoto anayedhulumiwa. Ndiyo inayowafanya watu waseme ukweli, kwa hiyo msimamizi asimdodose mtu akirudi.

Vipindi ni vichache, mara nyingi 6 tu. Anayehitaji tiba ndefu huelekezwa nje, na huko bima ndiyo huulizwa.

Dereva wa lori aliyekutwa na dawa za kulevya mwilini ana njia yake: lazima afanyiwe tathmini na mtaalamu anayetambuliwa na kanuni za Wizara ya Uchukuzi, na akirudi barabarani avuke vipimo vya kushtukiza visivyopungua 6 ndani ya miezi 12. EAP pekee haimrudishi kwenye usukani.