Seti ya ndani ya Huey skeli 1/48: paa na viti safi sana, dashibodi ni ya miaka mingine

Wakuu, nimemaliza kufunga seti ya resini (plastiki ngumu ya kumimina) ya ndani ya modeli ya Huey, ile helikopta ya jeshi la Marekani UH-1D/UH-1H, skeli 1/48 yaani ndogo mara 48 kuliko ya kweli, na nataka niiongelee vizuri maana hela yake sio ndogo, imekaribia kabisa bei ya boksi la modeli ya helikopta lenyewe. Jina la kampuni naliacha. Ndani ya pakiti kuna viti viwili vya marubani, benchi za askari, paa la ndani, ukuta wa nyuma, pedali, fimbo za kurushia, mikanda ya shaba nyembamba, na stika za dashibodi zile za kuprinti zenye unene kidogo ambazo geji zinasimama juu kabisa ukizigusa unazisikia.

Kwanza muelewe kwa nini Huey inataka kazi ya ndani kuliko ndege nyingine. Ndege vita ya kawaida ukishafunga kioo cha juu basi, mtu anaona mgongo wa kiti na kichwa cha rubani. Huey hapana. Kwenye vita vya Vietnam waliruka milango ya kuteleza imesukumwa nyuma au imeng'olewa kabisa, milango ya marubani ni kioo kitupu nusu ya juu, juu ya vichwa vyao kuna vioo viwili vya kijani, na chini puani kuna vioo vingine viwili ambavyo ukiinama unaona pedali moja kwa moja. Yani unaonekana kutoka kila upande. Na sio modeli ya kujificha kabatini, rota yake (lile panga la juu) ya mita 14.6 kwa skeli hii inatoka sentimita 30 na kidogo, kila anayepita mezani lazima ainame achungulie.

Sasa kilichonifurahisha zaidi ni paa na ukuta wa nyuma. Huey halisi ndani imevalishwa mablanketi ya kuzuia kelele, yameshonwa miraba miraba kama godoro na kubanwa kwa vifungo, na kwenye plastiki ya maboksi mengi hii kitu ni mistari iliyochorwa tu juu ya bapa tupu, haidanganyi mtu. Hapa wamechonga kweli, kila mraba umevimba katikati na kuzama pembeni, kuna sehemu limelegea kidogo likaning'inia, vifungo vinaonekana, na pale linapozunguka kile kibonge cha gia boksi katikati ya kabini limekunjwa kama kitambaa kinavyokunjwa. Ukipiga kijivu alafu ukapitisha rangi nyembamba nyeusi kwenye mishono, ukasubiri ikauke, ukapiga brashi kavu, yani yenye rangi kidogo sana, ya kijivu cheupe juu, imeisha hiyo, hakuna haja ya kuhangaika zaidi. Ila kama unatengeneza helikopta moja maalum angalia picha zake kwanza, maana kuna Huey za vitani ambazo mablanketi yalitolewa na unaona mbavu za bati na nyaya, hapo paa hili zuri linakuwa sio sahihi.

Rangi nayo niseme hapa hapa. Kijivu cha Huey za Vietnam ni kile cha namba 36231 kwenye mfumo wa rangi wa serikali ya Marekani, kijivu kizito kiasi, na dashibodi na kile kisanduku cha redio katikati ni nyeusi isiyong'aa. Naona watu wanapaka kijani cha ndege za Vita Kuu ya Pili, jamani hapana. Na ndani nyeusi tii ni mambo ya baadaye, wakati marubani walishaanza kuvaa miwani ya kuonea usiku, ukipaka nyeusi alafu nje ukaweka alama za 1968 umechanganya zama mbili.

Viti vya marubani ni kitu cha pili cha kusifia. Ni viti vya chuma na seramiki vya kuzuia risasi, na upande wa nje vina bamba la kuteleza ambalo rubani akishakaa analivuta mbele limkinge ubavu. Seti imetoa lile bamba peke yake, kwa hiyo unachagua mwenyewe liwe limevutwa mbele au limerudishwa nyuma, kama helikopta imepaki haina mtu lirudishe nyuma, ndio mtu anaweza kuingia. Kitu kidogo lakini ndicho kinachofanya kiti kionekane kinatumika. Mikanda ya shaba ni myembamba inakunjika vizuri, ichome kwanza kidogo kwenye moto wa mshumaa ilainike alafu ndio uilaze ikumbatie kiti, bila hivyo itasimama wima kama waya. Na kama unaweka watu ndani, kwenye vikosi vya kubeba askari rubani mkuu mara nyingi alikaa kiti cha kushoto, maana dashibodi imeegemea upande wa kulia na kushoto anaona chini vizuri zaidi wakati wa kutua.

Dashibodi sasa. Kwa macho ni nzuri mno, sindano za geji zinasomeka, vioo vya geji vinang'aa vyenyewe, umbo la kuegemea kulia wamelipata. Lakini angalieni kwa makini, wameweka kioo kidogo cha APR-39, kile kifaa cha kumuonya rubani kwamba rada inammulika, na geji ya kupima urefu kwa rada. Hivyo vitu ni vya Huey za baadaye, baada ya Vietnam. Na kwenye pakiti pamechorwa Huey ya Vietnam na mshika bunduki wa mlangoni! Nadhani mchoraji alifuata kitabu cha marubani cha jeshi la Marekani, TM 55-1520-210-10, ambacho kinapatikana bure mtandaoni na kina michoro ya dashibodi, paneli ya juu na kisanduku cha redio, ila kilitolewa upya mara kadhaa na matoleo ya baadaye yana vifaa vya baadaye. Hili limenikera kweli kwa sababu mtu ananunua seti kama hii akitafuta usahihi na si kingine. Dawa yake ipo, kata kipande hicho cha stika, funika kwa bapa jeusi lenye skrubu nne ndogo za pembeni, geji ya rada nayo vilevile, inakuwa nafasi tupu iliyozibwa na hakuna wa kukubishia.

Benchi za askari zipo kamili, fremu za bomba na kitambaa, pamoja na zile nafasi mbili za pembeni mwa gia boksi zinazotazama nje ambapo fundi wa helikopta na mshika bunduki walikaa. Maelekezo yanataka uweke zote. Mimi nasema kwa helikopta ya kupeleka askari vitani bakiza za pembeni tu, za katikati zikunje au zitoe, vikosi vingi vilizitoa na askari wakakaa chini sakafuni miguu ikining'inia nje. Hapo sakafu inakuwa wazi na inabidi uifanyie kazi, vile vipete vya kufungia mizigo vionekane, rangi iwe imekwanguka mlangoni pale buti zinapopita kila siku, na vumbi jekundu la udongo wa kule lijae kwenye pembe lakini sio katikati.

Kufunga si kazi ngumu ila paa la resini ni nene, lazima usugue plastiki ya juu kwa ndani mpaka iwe nyembamba kabla hujajaribu kufunga mwili, sugua na maji na vaa barakoa, vumbi la resini ni baya kwa mapafu. Na jaribu kavu kavu, tena na tena, kabla ya gundi.

Kwa wanaotengeneza 1/72 msijisumbue na vitu vya hivi, hela yenu nunueni mikanda tu. Na wanaotaka kutengeneza zile Huey II ambazo Marekani iliwapa Kenya mwaka 2016, seti hii sio yenu, ile ni Huey iliyofanyiwa ukarabati mkubwa, tafuteni picha za ndani za helikopta zenyewe. Ila kama ni Huey ya Vietnam, skeli 1/48, milango wazi, nunua, na kama kampuni wangeuza paa, ukuta na viti peke yake bila stika za dashibodi kwa nusu ya bei ningechukua mbili.