Tumeshusha baiskeli Kyela na Matema, wanaoanza mje muone

Mambo vipi wadau, karibuni tena. Leo nina baiskeli mbili hapa nyuma yangu, hii ndogo ya inchi 20 ni ya kijana wangu wa miaka 7, na hii ya mtumba inchi 26 ndiyo aliyojifunzia mama watoto, ndiyo, mama watoto, hajawahi kuendesha maishani mwake, msicheke.

Mnaniuliza kila siku, Mbeya hapa familia ikajifunzie wapi baiskeli? Mimi nasema mjini hapana, nimejaribu. Mji uko kwenye kama mita 1,700 na karibu kila mtaa una kilima, kwenda unashuka kurudi unasukuma, na mtoto akikutana na mteremko kabla hajaizoea breki hiyo ni kesi nyingine, halafu Mwanjelwa pale sokoni bajaji haikuachii hata nusu mita. Kiwanja cha shule Jumapili sawa, ila utazunguka mpaka upate kizunguzungu.

Basi tukashuka Kyela, kule chini karibu na Ziwa Nyasa. Baiskeli juu ya kosta, Uyole, Kiwira, mpaka Tukuyu mko ndani ya masweta, baada ya hapo mnaanza kuvua moja moja, ukifika chini umebaki na singlendi. Ziwa Nyasa liko kama mita 475 tu, kwa hiyo joto lake ni lile la pwani kabisa, na kuna kitu sisi wa huku juu hatuna: tambarare.

Zile njia za udongo katikati ya mpunga na mikakao kuelekea Ipinda nazipa tisa kwa kumi. Kyela baiskeli siyo mchezo, ni usafiri, unakuta mama kafunga gunia kwenye keria na mtoto kampakia mbele, kwa hiyo wenye magari wamezoea, na ukianguka hakuna anayekushangaa. Na tulianguka. Kitenge hicho cha mama watoto! Pindo liliingia kwenye cheni likajiviringisha kwenye meno, ikabidi niinue gurudumu la nyuma nizungushe pedeli kinyumenyume, taratibu, huku nalivuta, likatoka na tundu mbili na grisi tele, na eti kosa langu mimi. Bibi mmoja akatoka shambani akamkung'uta vumbi mwenzangu, tukamwambia ndaga fijo, yaani asante sana kwa Kinyakyusa, tukaendelea. Vaeni suruali jamani.

Kijana nilimfundisha hivi, sikilizeni hapa. Sikumfungia magurudumu ya pembeni, yale yanamzuia kujifunza balansi. Nilitoa pedeli zote mbili kwa spana ya 15, nikashusha siti mpaka nyayo zote zikagusa chini, akawa anajisukuma kwa miguu kama anatembea. Angalizo, pedeli ya kushoto inafunguka kinyume, unazungusha kwa mwendo wa saa, usiing'ang'anie ukavunja mkono. Jioni ya pili akawa anainua miguu mwenyewe anateleza, nikarudisha pedeli, huyo!

Matema sasa, pale ufukweni mwa ziwa. Pazuri mno, milima ya Livingstone imesimama pale kama ukuta, lakini kwa anayeanza napapa sita kwa kumi. Mchanga mkavu unameza tairi, unakanyaga wee hausogei. Ujanja ni kupita ule uliolowa pembeni kabisa ya maji, umeshikana, na upepo wa tairi upunguze kidogo. Tulienda Jumamosi, siku ya soko Lyulilo, vyungu vya Wakisi vimepangwa chini, sasa mpe mwanafunzi baiskeli pale katikati uone utalipa vingapi, sisi tulikokota kwa mkono.

Ya kukodi nilichukua moja, simtaji mwenyewe, breki ya nyuma ilikuwa pambo tu, nimekuja kujua niko juu ya kidaraja. Kabla hujalipa isukume mbele, bana breki moja moja, gurudumu likiendelea kuzunguka mrudishie.

Muda ni saa 12 asubuhi mpaka saa 3, halafu tena kuanzia saa 10 jioni, katikati hapo jua linachoma na maji ya kunywa yanaisha chupa kwa chupa. Masika usiende, Kyela inajaa maji, njia nilizosifia zinageuka majaruba.

Uzuri mwingine, maji ya Nyasa hayana chumvi, baiskeli haili kutu haraka kama za Tanga au Dar. Ila mchanga upo, huu hapa, sogeza kamera, unauona kwenye cheni? Tumerudi juzi na bado inalia kre kre kre, ngoja nichukue mswaki wa zamani na mafuta, huyu kijana ameshavaa viatu anataka kutoka nayo.