Ekzosi yenye sauti kwa bajeti ndogo: cha kununua kwanza na cha kuacha dukani

Kulifanya gari lipige kelele ni kazi ya nusu saa na msumeno wa chuma. Kazi yenyewe ni kupata muungurumo mzito usiokuumiza kichwa njia nzima ya Dar hadi Morogoro, usioingiza moshi ndani na usiowasha taa ya injini. Ndiyo maana hapa tumepanga kwa thamani ya hela unayotoa. Ukubwa wa kelele haukupewa alama.

Kwanza jua kilicho chini ya gari. Kutoka kwenye injini kuna manifodi (mikono ya bomba inayokusanya moshi wa silinda zote), halafu katalitiki (mtungi wenye masega ndani unaopunguza sumu ya moshi) na sensa za oksijeni, moja kabla yake na nyingine baada yake. Nyuma ya hapo kuna resoneta, kile kimtungi cha katikati, kisha bomba la kati na sailensa kubwa ya nyuma. Kila kilicho mbele ya sensa ya pili kiache kama kilivyo. Hela yako ifanye kazi nyuma ya hapo.

Namba moja: sailensa ya nyuma ya kupitisha moja kwa moja

Hakuna kinachoikaribia kwa bajeti ndogo. Sailensa ya kiwandani ina vyumba na kuta zinazougeuza moshi mara kadhaa kabla haujatoka. Hii ya kupitisha ina bomba moja lenye matundu, limezungushiwa pamba ya chuma au ya kioo, basi. Ichungulie dukani: ukiona mwanga upande wa pili, ndiyo yenyewe.

Angalia urefu wa mtungi kabla ya kuangalia urembo wa mdomo. Mtungi wa inchi 12 unapiga sana, wa inchi 18 umetulia. Kwa injini ya lita 1.5 kama ya IST, Vitz au Axio chukua inchi 14 hadi 18 zenye bomba la inchi 2. Altezza ya 2.0 au Forester isiyo na tabo (feni inayosukuma hewa zaidi kwenye injini) inataka inchi 2¼. Tabo za 2.0 hadi 2.5 ziende inchi 2½, na 3 kama injini imeshaongezwa nguvu. Wengi wanakosea hapa kwa kuamini bomba pana ndilo lenye nguvu. Ukiipa 1NZ, yaani hiyo injini ya 1.5 ya Toyota, bomba la inchi 3, moshi unapoteza kasi, sauti inakuwa kama ya debe tupu, na gari linaweza kuwa zito kuondoka kwenye taa.

Itikise. Ikigonga ndani, bomba la matundu halijachomelewa vizuri na litazidi kulia likipata moto. Nenda na sumaku. Stainless ya daraja la 304 haivuti sumaku au inavuta kidogo sana. Ya 409 inavuta, nayo ni stainless halali ila itabadilika rangi kuwa kahawia. Kinachovuta kwa nguvu huku kinang'aa kama kioo mara nyingi ni chuma cha kawaida kilichopakwa kromu, na kwa hewa ya chumvi ya Tanga au Mombasa hakikai. Uliza pia kuhusu pamba. Ikiwa ni ya kioo peke yake itaungua na kutoka taratibu, na sauti itakuwa kali kuliko siku uliyonunua. Yenye pamba ya chuma karibu na bomba na ya kioo nje yake inadumu zaidi.

Namba mbili: ya Kijapani iliyotumika

Ilala kwa Dar, au Kirinyaga Road kwa Nairobi, tafuta kipande cha nyuma cha kampuni za Kijapani HKS, Fujitsubo au Tanabe kilichotolewa kwenye gari la aina yako. Uzuri wake ni kwamba flenji (bamba la kuungia mabomba kwa boliti), mikunjo na vyuma vya kuning'inizia vinakaa mahali pake, hivyo kuchomelea ni kidogo au hakuna kabisa. Kibati chenye neno JASMA kinaonyesha kilitengenezwa kufuata kanuni za Japani za kelele kwa gari husika. Ubaya: feki ni nyingi, na kutu inakula kuanzia ndani. Bonyeza kwa bisibisi sehemu ya chini ya mtungi na mishono yake. Ikibonyea, rudisha. Kama flenji haifanani na ya gari lako, sababu ya kulipia jina imekwisha. Rudi namba moja.

Namba tatu: kutoa resoneta

Hii ndiyo rahisi kuliko zote: kipande cha bomba cha sentimita 40 hadi 60 na mishono miwili. Sauti inapanda kiasi, sailensa ya nyuma inabaki. Tatizo ni mvumo. Injini ya silinda nne ikizunguka 2,400 kwa dakika inatoa mipigo 80 kwa sekunde, na bodi la gari hupenda kuitikia sauti nzito za kiwango hicho. Kwenye barabara kuu mguu unakaa hapohapo kwa saa nzima. Usitoe resoneta siku moja na kubadili sailensa ya nyuma. Badili ya nyuma, endesha wiki, ndipo uamue. Wengi wanaofuata mpangilio huu wanaiacha resoneta mahali pake.

Namba nne: kilango cha umeme

Ni tawi la bomba lenye kilango kinachofunguka kwa rimoti. Wazo ni zuri: kimya mtaani, kelele ukitaka. Ila vya bei nafuu haviwezi kuziba sawasawa baada ya joto na matope, mota inakwama, na moshi unatoka chini ya miguu yako badala ya nyuma ya bampa. Ukikosa hela ya chenye gasketi ya chuma, usinunue.

Bomba tupu bila sailensa yoyote liko mwisho wa orodha. Sheria za barabarani Kenya na Tanzania zinataka sailensa inayofanya kazi, kwa hiyo trafiki hahitaji kipimo kukusimamisha.

Visivyostahili hela yako: mdomo mpana wa kromu pekee (haubadili sauti), kifilimbi cha kuiga tabo, na kutoboa matundu kwenye sailensa. Kuvunja masega ya katalitiki nako uache. Sensa ya pili itaona tofauti, taa ya injini itawaka na msimbo wa hitilafu P0420 (katalitiki haifanyi kazi ipasavyo), moshi utanuka na kuwa na sumu zaidi.

Neno kwa wanaotaka mlio wa Subaru kwenye Toyota: haununuliki. Unatokana na injini ya boksa (silinda zimelala pande mbili zikipeana migongo) yenye mikono ya manifodi isiyolingana urefu, inayofikisha mipigo kwa vipindi visivyo sawa. Hata Legacy za Japani kuanzia 2003 ziliupoteza zilipopewa manifodi ya mikono sawa.

Kwa fundi

Sailensa nzuri inaharibiwa na uchomeleaji mbaya. Tenganisha betri, waya wa hasi kwanza, kabla fundi hajawasha mashine. Umeme wa kuchomelea unaweza kuua kompyuta ya gari au altaneta. Klipu ya ethi (waya wa mashine unaorudisha umeme) ikae kwenye bomba lenyewe, karibu na mshono. Tangi la petroli liko jirani, kwa hiyo kizima moto kiwe mkononi. Kataa mabomba ya maji yaliyopakwa zinki; mvuke wake ni sumu kwa fundi na mshono unatoka na vijitundu. Bomba lenye unene wa milimita 1.5 linatosha. Kwenye kona omba mkunjo wa mviringo kamili, kwani uliobonyea unarudisha bomba la inchi 2 kuwa pungufu.

Fundi abane kwanza kwa pointi chache za kuchomelea, gari likiwa juu ya stendi, halafu mtikise bomba kwa mkono. Liwe mbali na bampa, tangi, shafti na mabomba ya breki kwa sentimita 3 angalau, maana linatanuka likipata moto na injini inacheza. Hapo ndipo azungushe mshono mzima. Mdomo utokeze nje ya bampa, la sivyo moshi unarudi kwenye buti. Raba za kuning'inizia zilizopasuka badilisha siku hiyohiyo.

Mwisho, washa injini ikiwa baridi, ziba mdomo kwa kitambaa kinene kwa sekunde chache, na mwingine apake maji ya sabuni kwenye kila mshono. Povu likitoka, arudie. Kaboni monoksidi haina harufu, na gari lililofungwa madirisha kwa sababu ya AC halisamehe tundu dogo. Baada ya wiki kaza tena boliti za flenji. Gasketi mpya hukaa chini kidogo baada ya kupata moto mara kadhaa.